Mulimo bila dawa za soko: jembe, komposti na macho ya mkulima katika milima ya Kivu

Kila mwaka, kiangazi kikikaribia kuisha na watu wakianza kutafuta mbegu, wasikilizaji wanatuulizaka swali moja: inawezekana kulima chakula kizuri bila kununua mbolea ya viwanda wala dawa za kumwangia? Jibu ni ndiyo, lakini si vile wengi wanafikiri. Kuna wanaoamini kwamba kulima kiasili ni kuchukua jembe, kugeuza udongo, kutia mbegu na kungojea mvua, sawa vile babu zetu walifanya. Babu zetu walikuwa na kitu kimoja ambacho sisi hatuna tena: nafasi. Shamba ikichoka, waliiacha miaka kadhaa, majani na miti midogo ikaota, wao wakalima pengine. Leo mu Kabare, mu Walungu ao mu Masisi, familia nyingi ziko na kipande kisichofika nusu ya hektari, na kinalimwa mara mbili kwa mwaka bila kupumzika. Kulima kama babu kwenye shamba isiyopumzika ni kula udongo wenyewe.

Kila beseni ya maharagi, kila gunia ya viazi inayotoka shambani inaondoka na chakula cha udongo: azoti, fosfori, potasi na vingine. Mwenye pesa anarudisha kwa mfuko wa mbolea. Asiye na pesa, na ndio wengi wetu, anapaswa kurudisha kwa mikono. Kwa familia nyingi, mfuko moja ya mbolea ya viwanda ni kuchagua kati yake na minerval ya watoto. Upande wa dawa za wadudu ni mbaya zaidi: mu masoko yetu zinauzwa ndani ya vichupa vidogo bila karatasi ya maelezo, mnunuzi hajui ni dawa gani, ni kipimo gani, wala ni siku ngapi inaomba kungojea mbele ya kuvuna. Nyanya inamwangiwa leo, kesho iko sokoni, jioni iko kwenye sahani ya mtoto. Ndiyo maana swali la wasikilizaji si la starehe.

Komposti: lundo inayopika yenyewe

Komposti ni takataka ya shamba na ya jikoni iliyooza vizuri mpaka ikawa sawa na udongo mweusi. Watu wengi wako na shimo la takataka nyuma ya nyumba na wanaita ile komposti. Shimo la kutupa kila kitu, pamoja na mifuko ya plastiki na mabetri ya tochi, si komposti, ni sumu unayojitayarishia mwenyewe.

Lundo nzuri inapangwa juu ya udongo, chini ya kivuli, mbali na kisima. Upana mita moja na nusu, urefu vilevile, kimo mita moja na kidogo. Chini kabisa unaweka matawi membamba ili hewa ipite. Kisha unapanga kwa tabaka: vitu vikavu (majani makavu, mabua ya mahindi, maganda ya maharagi), vitu vibichi (majani mabichi, maganda ya ndizi, majani ya mboga), mavi ya mifugo, halafu udongo kidogo na majivu kidogo. Kwa kipimo, vikavu viwe karibu mara mbili ya vibichi. Vitu virefu sawa mugomba unavikatakata na mupanga, vipande vya kidole kwa kidole. Hii kazi inachosha lakini ndiyo inafanya lundo ioze haraka. Kila tabaka unamwangia maji. Ukimaliza unafunika na majani ya mugomba juu ya mvua na jua.

Mimi mwenyewe lundo yangu ya kwanza ilinuka mpaka jirani akaniuliza kama kuna kitu kimekufa kwetu. Nilikuwa nimejaza mabaki ya jikoni matupu, yenye maji, bila majani makavu. Ndani hakukuwa hewa. Dawa yake ni rahisi: kubomoa, kuchanganya na mabua makavu, kujenga upya. Lundo ikinuka, iko na maji mingi ao inakosa vikavu. Lundo ikikaa baridi na kavu, inakosa maji ao mavi. Kupima maji, unachukua konzi moja ya ndani na kukamua: likitoka tone moja ao mawili, ni sawa, yakitiririka, ni mingi, mukono ukibaki mkavu, ongeza.

Kupima joto, unachoma kijiti kirefu mpaka katikati tangu siku ya kwanza. Nyuma ya siku nne ao tano unakichomoa na kukigusa. Kinapaswa kuwa cha moto kweli, kwani ndani joto linaweza kufika nyuzi 60. Ile joto si ya kufurahisha macho: ndiyo inaua mbegu nyingi za magugu, mayai ya minyoo na magonjwa yaliyo katika mavi. Ikianza kushuka, nyuma ya wiki mbili ao tatu, unageuza lundo, ya nje iingie ndani. Unageuza tena mara moja ao mbili. Mu maeneo ya joto kama bonde la Ruzizi, miezi miwili inaweza kutosha. Huku juu kwenye baridi, hesabu tatu mpaka ine. Iko tayari wakati hautambui tena ulitia nini, na inanuka udongo wa pori nyuma ya mvua.

Ambaye hana ngombe asikate tamaa. Mavi ya mbuzi, ya sungura, ya kuku na ya simbilisi (wengine wanawaita dende) yote yanafaa. Simbilisi kumi ndani ya jikoni wanatoa kidogo kila siku, lakini kila siku. Inaomba tu kufagia na kukusanya pahali pamoja chini ya kivuli, si kutupa nje mvua ibebe.

Usitie kwenye lundo: nyama na mafuta, plastiki, majani mingi ya eukalipti (yanachelewa sana kuoza), mizizi ya majani yanayoota tena, na mimea yenye ugonjwa.

Sasa hesabu, juu hapa ndipo watu wanadanganyana. Lundo niliyoeleza inashuka nusu ikioza, na inakupa kitu sawa kilo 600. Kwa bustani ya mboga, kipimo kizuri ni kilo 2 kwa kila mita ya mraba, ni kusema kilo 200 kwa ari moja (mita 10 kwa mita 10). Basi lundo moja inatosha ari tatu. Haitoshi shamba nzima ya mihogo. Anayekuambia kwamba lundo moja nyuma ya nyumba italisha mlima mzima, hajawahi kuibeba kwa beseni. Anza na mboga karibu na nyumba, kwani mboga ndiyo inarudisha haraka. Kwa mashamba ya mbali kuna njia zingine.

Maua ya manjano ya kando ya barabara

Kila mtu anayesafiri mu Kivu anajua ile mumea mrefu yenye maua ya manjano yanayofanana na alizeti, inaota kando ya barabara na kwenye mipaka ya parseli. Watu wa kilimo wanaiita Tithonia. Wengi wanaikata na kuitupa. Majani yake mabichi yako na azoti na potasi mingi, na yanaoza haraka sana. Unakata matawi membamba na majani mbele ya maua kukauka, unakatakata, unafukia kwenye mistari wiki moja ao mbili mbele ya kupanda. Hakuna kulipa, hakuna kungojea miezi. Shida yake ni nguvu: ni mzigo mzito kubeba, kwa hiyo ni bora kuipanda kwa fito kwenye mpaka wa shamba lenyewe.

Inafanya pia mbolea ya maji. Unajaza gunia na majani yaliyokatwakatwa, unalitumbukiza ndani ya pipa ya maji, unafunika na kukoroga kila siku ine. Nyuma ya wiki mbili maji ni meusi na yananuka vibaya. Unachanganya kipimo kimoja na maji mawili, mpaka rangi ifanane na chai nyepesi, na unamwanga kwenye mizizi ya mboga, si kwenye majani utakayokula kesho.

Njia ingine ni maharagi. Yanaweza kuchukua azoti ya hewani kwa msaada wa bakteria zinazokaa katika vidonge vidogo kwenye mizizi. Mmea ukiwa katika maua, chimbua moja na upasue kidonge kwa kucha: kikiwa na rangi ya damu ndani, kinafanya kazi, kikiwa cheupe ao cha kijani, hakifanyi. Wakati wa mavuno, usingoe na mizizi. Kata chini, acha mizizi ioze pale pale, na majani makavu yarudi shambani ao kwenye lundo. Tunaonaka watu wanayachoma. Ukichoma, azoti inapanda na moshi. Inabaki majivu tu.

Majivu nayo yanasaidia, hasa kwenye udongo mwekundu wenye uchachu wa Walungu, kwani yanapunguza uchachu na yako na potasi. Konzi moja ao mbili kwa mita ya mraba, mara moja kwa mwaka. Usichanganye na mavi mabichi, juu yatafukuza azoti hewani, ndiyo ile harufu inayochoma pua.

Tuseme ukweli: udongo ule mwekundu uliochoka uko na fosfori kidogo sana, na komposti ya mavi ya mbuzi waliokula majani ya pale pale haiwezi kuleta fosfori ambayo haiko. Itaboresha, lakini kwa miaka, si kwa msimu moja. Kuna wakulima wanaochagua kutia mbolea kidogo ya viwanda pamoja na komposti katika kila shimo la mbegu, na mbolea ile inafanya kazi vizuri zaidi ikiwa komposti iko. Sioni kama ni dhambi. Lakini kumwaga mbolea ya viwanda peke yake kwenye udongo usio na kitu cha kuoza ndani ni kutupa pesa, kwani mvua ya kwanza inaibeba.

Mlima unaoshuka na mvua

Kazi yote hii inapotea kama udongo wenyewe unashuka bondeni. Angalia ziwa nyuma ya mvua kubwa: ile rangi nyekundu kwenye midomo ya mito ni mashamba yetu. Wakati wa ukoloni, Wabelgiji walilazimisha raiya kuchimba mifereji ya kuzuia mmomonyoko kwa fimbo na faini, na nyuma ya uhuru watu pahali pengi waliifukia juu ya kumbukumbu mbaya ya kazi ile. Inaeleweka. Lakini mfereji wenyewe haukuwa na kosa.

Kupima mstari ulio sawa kwenye mteremko, hakuhitaji chombo cha kununua. Funga fito tatu zifanye sura ya herufi A, funga kamba kwenye kichwa chake na jiwe chini ya kamba. Simamisha miguu pahali pawili, tia alama kwenye ufito wa katikati pale kamba inapita. Geuza miguu, tia alama ya pili. Katikati ya alama mbili ndiyo usawa. Kisha unatembeza A kwenye mlima, mguu kwa mguu, na kila pahali kamba inaangukia katikati unachoma kijiti. Ule mstari wa vijiti ndio unachimba mfereji, na udongo unautupa upande wa juu. Juu ya tuta unapanda matete ya ngombe, setaria, tripsakumu ao kaliandra. Majani yanashika udongo, mbuzi anakula majani, mavi yanaenda kwenye lundo. Kuhusu umbali, mteremko ukiwa mkali mistari inakaribiana, hata mita tano.

Hatusemi kwamba majani haya yangezuia kila msiba. Mu Kalehe, mwezi wa tano 2023, mafuriko ya Bushushu na Nyamukubi yaliua watu zaidi ya 400, na maji yale hayakuwa ya kuzuiwa na mstari wa matete. Lakini mvua za kila juma, zile zinazoiba kidogo kidogo, ndizo mkulima anaweza kuzipunguza.

Wadudu na magonjwa: kazi ya macho

Hapa ndipo kulima kwa mikono kunashinda mashine. Mkulima wa ari tano anaweza kuona kila mmea.

Chukua kiwavi wa mahindi aliyeingia Afrika mwaka 2016. Unamtambua kwa alama ya Y iliyogeuzwa kwenye kichwa na madoa mane meusi yaliyopangwa mraba karibu na mkia. Anakaa ndani ya koo la mahindi na kujifunika na uchafu wake. Tangu mahindi yaanze kuota, pita mara mbili kwa juma, asubuhi mapema. Mayai yake yako pamoja sawa kipande cha pamba kwenye jani: ponda kwa vidole. Kiwavi mdogo, tia konzi ndogo ya mchanga ao majivu ndani ya koo. Akishakuwa mkubwa na ameingia ndani, majivu hayamfikii tena, ni kumtoa kwa mikono. Watoto wakipewa kazi hii mbele ya masomo, shamba ya ari chache inaisha kwa saa moja.

Vidudu vidogo vinavyojazana chini ya majani ya kabichi ao maharagi vinaondoka na maji ya sabuni kidogo, ao pilipili iliyosagwa, ikalala ndani ya maji usiku moja na kuchujwa. Jaribu kwanza kwenye mimea miwili, juu sabuni mingi inachoma majani. Inaomba kurudilia nyuma ya kila mvua.

Na hapa ninapenda kukaza sauti: dawa ya majani si lazima iwe salama. Tefrosia, ile ambayo watu wanatumia kuua samaki mitoni, inaua wadudu kweli, lakini inaua samaki vilevile. Usioshe ndoo yake mtoni. Maji ya tumbaku ni sumu kali kwa mtu, yanapita hata kwenye ngozi. Mtoto akiyanywa ndani ya chupa ya Fanta anaweza kufa sawa angekunywa dawa ya duka. Mimi siyatumii kwa mboga.

Kuna magonjwa ambayo hakuna maji ya pilipili yatakayoyaponya. Mnyauko wa ndizi ulionekana mu Masisi mwaka 2001 na ukaenea mu Kivu yote. Majani yanakuwa manjano na kunyauka, ndizi zinaiva mbele ya wakati na ndani ni kahawia, ukikata shina linatoa usaha wa manjano. Mupanga wako ndio unaubeba toka mugomba moja mpaka ingine. Kata shina lenye ugonjwa chini kabisa kwenye udongo, bila kungoa shina zima la familia yake, na rudilia kila inapoonekana. Choma mupanga kwenye moto mpaka uwe wa moto kweli, ao uoshe na javel, mbele ya kugusa mugomba mwingine. Ua la mwisho, lile linaloninginia, livunje kwa kijiti chenye panda, si kwa mupanga, mara tu mikono yote ya ndizi imetoka, kwani nyuki na wadudu wengine wanapitisha ugonjwa pale. Mihogo vilevile: fito zenye majani ya madoa ya manjano yaliyojikunja hazipandwi, hata kama jirani amekupa bure.

Nyanya, kusema kweli, ni ngumu. Katika mvua za huku juu, majani yanakuwa meusi na kuoza kwa siku chache. Anayetaka nyanya bila dawa azilime katika msimu C, kwenye bonde wakati wa kiangazi, azipe nafasi, aondoe majani ya chini, afunike udongo na majani makavu, na kumwangia maji kwenye mizizi tu.

Asiye na shamba

Mu Goma, sehemu kubwa ya muji iko juu ya mawe ya volkano, na wako wakimbizi wa vita walioacha mashamba nyuma. Gunia moja la kilo 50 linaweza kufanya bustani. Unatafuta kopo kubwa lisilo na chini wala juu, unalisimamisha katikati ya gunia na kulijaza mawe madogo. Pembeni unajaza udongo uliochanganywa na komposti. Unavuta kopo juu na kurudilia mpaka gunia lijae. Nguzo ya mawe ndiyo njia ya maji. Pembeni unatoboa matundu na kupanda mimea midogo ya lengalenga, sheli ao vitunguu vya majani. Lengalenga inakatwa nyuma ya wiki ine na inachipuka tena. Maji ya kuosha mboga yanafaa. Ya sabuni ya nguo, hapana. Na acha shina moja nzuri, si lile lililobaki, lizae mbegu. Mbegu za lengalenga ni ndogo, kichupa kimoja kavu kinabeba za miaka.

Jambo la mwisho ni usafi, juu mu Goma, Uvira na Kalemie kolera tunaijua. Mavi ya watu hayaendi kwenye mboga. Mavi mabichi ya mifugo hayawekwi karibu na majani yanayoliwa. Usilime mboga ndani ya mifereji ya maji machafu ya muji, hata kama inaota vizuri pale. Inaota vizuri juu ya kile kinachopita mle. Osha kwa maji safi, na sombe ipondwe na kuchemshwa muda mrefu sawa vile mama zetu wanafanya, kwani majani mabichi ya muhogo yako na sumu inayotoka kwa kupika.

Anayetaka komposti kwa ajili ya msimu A, unaoanza mwezi wa tisa, alipaswa kupanga lundo mwezi wa sita. Aliyechelewa akate maua ya manjano juma hili, afukie, na apange lundo yake sasa kwa ajili ya msimu B.